Ndoo Kumi za Mawese

Darasa la nne, Mwandiga, mwaka wangu wa kwanza kazini.
Nimeshuka treni na sanduku la bati na vyeti viwili,
mtoto wa Tabora, kipanga wa darasa,
niliyezoea kulikuta jina langu juu kabisa
kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Nikaandika ubaoni:
Mama ana ndoo kumi za mawese. Ameuza nne.
Amebaki na ngapi?

Vidole arobaini vikapaa, mwalimu, mwalimu, mimi!
Kimoja tu kilisalia juu ya dawati,
kinachora duara kwenye vumbi la chaki.
Misigaro. Shati la rangi ya mawese,
kwa sababu lilikuwa limelowa mawese.
Simama wewe. Amebaki na ngapi?

Akafikiri.
Nisisahau kulisema hilo: alifikiri.
Wenzake walikuwa wameshajua.
"Mwalimu," akasema, "inategemea nani alikuwa anamdai."

Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, Mungu anisamehe,
kicheko cha mtu aliyesoma,
kisha nikaitwaa kalamu nyekundu
nikampa yai.
Yai zuri, la mviringo, lisilo na ufa.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake.
Mimi leo nina upara, na kofia ya kuuficha.

Nimestaafu. Nakaa Katubuka, chumba kinacholiona ziwa
kipande tu, kati ya bati la jirani na bati la jirani.
Nilipogawa shamba la marehemu baba
pasipo ndugu kushikana mashati,
watu walisema: huyu ana akili.
Labda. Nilikuwa na kamba ya kupimia.

Kiha kilinichukua masika mbili, hiki cha kuombea chumvi.
Ya tatu ndiyo nikalisikia jina la yule mtoto
kama neno.
Gusigara, kubaki.
Misigaro: waliosalia.
Mama yake alikuwa amezika watano kabla yake.
Nami, chaki mkononi,
nilimsimamisha mbele za watu
nikamuuliza wamebaki wangapi.

Na zile ndoo sita, nilikuja kuambiwa
na mwanamke aliyekuwa akinipimia mafuta sokoni,
wala hakujua anamfundisha nani:
tatu za mwenye michikichi,
mbili za mwenye mashine ya kukamulia,
moja ya duka la dawa, tangu homa ya mwaka juzi.
Hesabu yenyewe hiyo. Toa, toa, toa.
Jibu la nyumbani kwao lilikuwa sifuri.
Nililiandika mwenyewe, kwa wino mwekundu,
nikaliita kosa lake.

Kipanga humwona kifaranga toka mawinguni.
Macho anayo, hilo halina ubishi.
Hajapata kuuliza kifaranga ni wa nani.

Msinitake niseme leo ni mtu mkubwa.
Aliacha shule darasa la sita.
Mmoja kaniambia yuko Uvinza, kwenye chumvi;
mwingine, kwamba alivuka ziwa na hakurudi.
Wala siapi kuwa alikuwa na akili nyingi.
Pengine alikuwa na deni tu, na masikio.
Ila alilisikia swali zima,
mama akiwa bado ndani yake, na ndoo, na njia ya kurudi nyumbani,
wakati sisi arobaini na mmoja
tulisikia kumi, tukasikia nne.

Usiku umeme ukikatika nakaa kitandani, sina wa kumsahihisha.
Miaka thelathini na sita nimeliatamia lile yai,
kipanga mzee, manyoya yamepukutika,
natega sikio
kama kuna kinachogonga ganda kwa ndani.